Namungo: Timu ya machimboni iliyogoma kushuka

Julai 8, 2020, Simba walikabidhiwa kombe la ubingwa wa Ligi Kuu wakiwa Ruangwa. Ubingwa wenyewe walishaupata siku kumi kabla, Juni 28, kwa suluhu na Tanzania Prisons jijini Mbeya. Sherehe ya kulinyanyua kombe ndiyo iliyosubiri, na ratiba ikaipeleka kwenye mji wa wilaya ulioko mkoani Lindi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, kwenye Uwanja wa Majaliwa. Mabingwa walicheza na wenyeji dakika 90 bila nyavu kutikisika. Kisha wakapanda jukwaani.

Wenyeji wenyewe walikuwa wageni wa ligi. Namungo FC ilikuwa inacheza msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, na kabla ya mwaka huo kumalizika ilikuwa imeshika nafasi ya nne, imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, imegombea Ngao ya Jamii na kuingia mashindano ya Afrika. Timu nyingi za mikoani hazijapata hata moja kati ya hayo kwa miaka 20.

Simulizi ya kupaa kwa Namungo imeshatamba sana redioni na vijiweni, na inastahili. Hata hivyo, soka la Tanzania lina desturi moja mbaya: timu ya mkoani inayopaa ghafla huanguka upesi. Singida United ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018, ikashuka daraja 2020. Biashara United ya Mara ilicheza Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2021, ikashuka 2022. Geita Gold ilimaliza ligi ya 2021/22 katika nafasi ya nne na kwenda Afrika, ikashuka 2024. Namungo ilipita njia hiyo hiyo, ikayafikia mafanikio hayo hayo na zaidi, na hadi msimu wa 2025/26 bado ipo Ligi Kuu. Kombe la ubingwa haijalibeba, lakini kubaki huko kote ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Kutoka Mbekenyera

Jina la klabu limetoka kijijini. Namungo ni eneo la machimbo upande wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mahali ambako wachimbaji wadogo wamekuwa wakifuata dhahabu na vito kwa miaka mingi. Simulizi inayojulikana Ruangwa ni kwamba timu ilianza kama timu ya wachimbaji hao, wanaume waliotoka sehemu mbalimbali za nchi, wakakutana shimoni mchana na uwanjani jioni. Kila penye machimbo Tanzania pana timu ya mpira. Tofauti ya hii ni kwamba ilitoka kijijini na jina lake, ikaenda nalo hadi Casablanca.

Ruangwa ni nchi ya Wamwera, na uchumi wake unajulikana: korosho, ufuta, mbaazi. Mkulima wa hapa huuza mazao kupitia chama chake cha msingi, AMCOS, na AMCOS hupeleka mzigo ghalani kusubiri mnada unaosimamiwa na RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Minada ya ufuta huanza katikati ya mwaka, ya korosho hufuata kuanzia Oktoba. Miezi hiyo fedha huonekana mitaani. Miezi mingine watu hubana matumizi, na tiketi ya mpira ni miongoni mwa vitu vinavyobanwa kwanza.

Kwa hali hiyo, klabu ya Ligi Kuu hapa isingezaliwa kwa mapato ya mlangoni. Ilihitaji mtu wa kuibeba. Mtu huyo alikuwa Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Ruangwa mwaka 2010 na kuteuliwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015. Aliichukua timu kama mlezi, na uwanja wa nyumbani ukabeba jina lake. Msimu wa 2018/19 Namungo iliongoza kundi lake la Ligi Daraja la Kwanza na kupanda moja kwa moja, sambamba na Polisi Tanzania iliyoongoza kundi la pili.

Wapo waliobeza. Walisema timu inapandishwa na cheo cha mlezi wake, na kwamba ikifika Ligi Kuu itakutana na ukweli. Ukweli wenyewe ulianza Agosti 2019.

Wageni wasiojua kuogopa

Ligi ya 2019/20 ilikuwa na timu 20 na mechi 38 kwa kila timu. Ni msimu mrefu, wa safari za basi kutoka Bukoba hadi Mtwara, na timu iliyotoka daraja la chini mara nyingi huanza kuishiwa pumzi mwezi Januari. Namungo iliongozwa na kocha Hitimana Thierry kutoka Rwanda, ambaye alikuwa nayo tangu Daraja la Kwanza. Mbele alikuwa na Reliants Lusajo, mshambuliaji aliyewahi kupita Yanga, akishirikiana na Bigirimana Blaise kutoka Burundi. Katikati alikuwepo Lucas Kikoti, kiungo ambaye mguu wake ulijua kupiga pasi ya mwisho na kufunga pia.

Timu haikuwa na jina hata moja la kutisha kwenye karatasi. Ilichokuwa nacho ni ubishi. Yanga walikwenda Ruangwa wakapata sare ya 1-1. Simba, pamoja na kombe lao la kukabidhiwa, waliambulia suluhu. Mashabiki wakaipa timu jina la Wauaji wa Kusini, na kwa msimu ule jina lilikaa vizuri.

Katikati ya Machi 2020 ligi ilisimama kwa sababu ya janga la korona. Iliporejea Juni, timu nyingi zilikuwa zimepoteza kasi. Namungo iliendelea pale ilipoachia, na ligi ilipofungwa juu yake walikuwepo watatu tu: Simba, Yanga na Azam. Msimu huo huo Ndanda ya Mtwara, ambayo ilikuwa imeibeba bendera ya Kusini Ligi Kuu tangu 2014, ilishuka daraja. Tangu hapo, mtu wa Lindi au Mtwara anayetaka kuiona timu ya kwao ikicheza na Simba au Yanga kwenye ligi ana Namungo peke yake.

Hapo ndipo ulipo uzito ambao msimamo wa ligi hauuonyeshi. Shabiki wa Masasi, Nachingwea au Newala ambaye hana undugu wowote na machimbo ya Namungo amejikuta na timu. Siku ya mechi kubwa Ruangwa, jezi nyekundu na za njano bado ni nyingi, kwa sababu mapenzi ya Simba na Yanga hurithiwa kama shamba na hayafutwi kwa misimu michache. Lakini shabiki huyo huyo, Simba au Yanga wakishaondoka, wikiendi inayofuata anaishangilia Namungo. Nyumba za wageni hujaa, mama lishe huuza hadi sufuria ikauka, bodaboda hawalali. Kwa mji uliokuwa ukisikia Ligi Kuu redioni, hilo si jambo dogo.

Fainali ya Sumbawanga

Njia ya kwenda Afrika ilipita kwenye Kombe la Shirikisho la Azam. Katika nusu fainali Namungo iliitoa Sahare All Stars ya Tanga. Upande wa pili Simba iliichapa Yanga 4-1, kipigo ambacho watu wa Yanga hawapendi kukumbushwa. Kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi na tayari ilikuwa na nafasi ya Ligi ya Mabingwa, Namungo ilikuwa na uhakika wa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika hata kabla ya fainali kuchezwa.

Timu nyingine ingekwenda Sumbawanga kukamilisha ratiba. Agosti 2, 2020, kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Simba ilipata mabao mawili kipindi cha kwanza kupitia Luis Miquissone na John Bocco, na wengi wakadhani hesabu imefungwa. Kipindi cha pili beki Edward Manyama akarudisha moja. Ilikwisha 2-1. Mwezi huo huo, Agosti 30, timu hizo zilikutana tena Arusha kugombea Ngao ya Jamii kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Simba ikashinda 2-0.

Namungo ilitoka mikono mitupu mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Hata hivyo, timu iliyopanda daraja mwaka mmoja nyuma ilikuwa imeshazoeleka kwenye mechi zinazoamua makombe.

Luanda, Chamazi, kisha makundi

Safari ya Afrika ilianza Novemba 2020 kwa ushindi wa 3-0 dhidi ya Al Rabita ya Sudan Kusini. Uwanja wa Majaliwa haukutumika kwa mechi za Shirikisho la Soka Afrika (CAF), hivyo Namungo ilihamia Azam Complex, Chamazi. Hitimana aliondoka, na mikoba ikachukuliwa na Hemed Suleiman, ambaye mashabiki wanamwita Morocco, kocha wa Kizanzibari aliyekuja baadaye kuinoa Taifa Stars. Chini yake Namungo iliifunga Al Hilal Obeid ya Sudan 2-0 nyumbani, kisha ikaenda ugenini na kutoka sare ya mabao 3-3.

Ilibaki hatua moja kabla ya makundi, na mpinzani alikuwa Primeiro de Agosto, klabu ya jeshi la Angola yenye mataji mengi ya kwao. Februari 2021 msafara wa Namungo ulitua Luanda na kukwama. Mamlaka za huko zilisema baadhi ya waliokuwa kwenye msafara wamekutwa na virusi vya korona, na timu ikawekwa karantini. Mechi haikuchezwa. Kwa siku kadhaa habari za Namungo hazikuwa za mpira tena. Zilikuwa za vyeti vya vipimo, ubalozi na barua za kwenda CAF. Baadhi ya watu wa msafara walibaki Luanda wakati wenzao wakirudi nyumbani.

CAF iliamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam, ndani ya wiki moja. Kilichofuata Chamazi ni kimojawapo cha vipigo vya kushangaza ambavyo klabu ya Tanzania imewahi kutoa Afrika: Namungo 6, Primeiro de Agosto 2. Waangola walijaribu kuamka kwenye mechi ya pili na kushinda 3-1, lakini jumla ilisoma 7-5. Wiki hiyo hiyo Simba iliifunga Al Ahly ya Misri 1-0 kwenye Uwanja wa Mkapa katika Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo magazeti mengi yalikuwa na habari kubwa mbili za kugombania ukurasa wa mbele, na ile ya Chamazi ikapata nafasi ndogo kuliko ilivyostahili.

Kwa ushindi huo Namungo ilikuwa klabu ya tatu ya Tanzania kufika hatua ya makundi ya mashindano ya CAF, baada ya Yanga na Simba. Azam FC, wenye uwanja ule wa Chamazi, kituo cha kulea vijana na mfuko mnene, walisubiri hadi 2025 kufika hapo.

Makundi yenyewe yalikuwa machungu. Namungo ilipangwa na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Ilipoteza mechi zote sita bila kufunga bao. Vipigo vingi vilikuwa vya bao moja: Raja walishinda 1-0 kwao Casablanca, na Nkana walishinda 1-0 nyumbani na ugenini. Mwezi Julai Raja walitwaa kombe lenyewe mbele ya JS Kabylie ya Algeria. Lakini alama sifuri hubaki sifuri, na pengo lililoonekana si la juhudi. Timu ilikaba, ilikimbia, ilijituma, kisha mbele ya lango haikuwa na mtu wa kuimalizia kazi. Kikosi kile kilikuwa kikicheza ligi na Afrika kwa wachezaji wale wale, kikisafiri kutoka nyumbani kwao Ruangwa hadi Dar hata kwa mechi ambazo ratiba iliziita za nyumbani.

Walioanguka njiani

Baada ya msimu kama ule ndipo timu za mikoani hufa. Utaratibu wake unajulikana. Wachezaji waliong'aa huondoka kwenda kwenye mishahara mikubwa zaidi. Gharama za safari za Afrika huacha madeni. Mfadhili, aliyezoea kushangiliwa, huanza kuchoka kuombwa. Msimu unaofuata timu huanza na kikosi kipya, kocha mpya na mishahara ya zamani ambayo haijalipwa.

Biashara United ni mfano wa kuumiza. Mwaka 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 Dar es Salaam, ikahitaji tu kwenda kuulinda ushindi huo. Haikusafiri. Safari ilikwama, mechi ya marudiano ikapotea bila mpira kupigwa, na mwisho wa msimu timu ya Musoma ilishuka daraja. Geita Gold ilikuwa na halmashauri ya mji nyuma yake na mgodi mkubwa jirani. Msimu wa 2021/22 mshambuliaji wake George Mpole alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, mbele ya nyota wa Simba na Yanga. Miaka miwili baadaye ilikuwa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu.

Singida United inafanana zaidi na Namungo. Nayo ilikuwa na mlezi mwenye cheo serikalini, Mwigulu Nchemba. Nayo ilipanda kwa kishindo mwaka 2017, ikasajili kwa fujo, na mwaka mmoja baadaye ikacheza fainali Arusha na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Mwaka 2020, wakati Namungo ikishika nafasi ya nne, Singida United ilikuwa inashuka.

Hata timu zenye kiwanda nyuma yake hazikusalimika. Mtibwa Sugar, mabingwa wa mwaka 1999 na 2000, walishuka 2024. Kagera Sugar walifuata 2025.

Tena miaka hiyo mlango wenyewe ulikuwa unabanwa. Ligi ilipunguzwa kutoka timu 20 za msimu wa 2019/20 hadi 18 msimu uliofuata, kisha 16 kuanzia 2021/22. Mkia wa ligi ulizidi kuwa karibu na katikati yake, na timu inayoshinda mechi moja kati ya tano ilikuwa tayari inahesabu siku. Namungo ilipita katika mbano huo wote.

Kilichowabakiza

Sababu ya kwanza ni usajili wa tahadhari. Baada ya Afrika, Namungo haikuifuata tena ndoto ya kununua kikosi cha ubingwa. Ilikwenda kwa wachezaji wanaoijua ligi kwa ndani, wengi wao waliokwishapita Simba, Yanga au Azam: Shiza Kichuya, Obrey Chirwa kutoka Zambia, baadaye Meddie Kagere, mshambuliaji aliyekuwa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo akiwa Simba. Lusajo mwenyewe aliondoka kisha akarudi. Mchezaji wa aina hiyo hatakufikisha kileleni peke yake, lakini anajua namna ya kupata sare Mbeya mvua ikinyesha.

Sababu ya pili ni fedha zilizokuja kwa wakati. Mei 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, na msimu wa 2021/22 benki ya NBC ikaanza kuidhamini ligi. Kwa Simba na Yanga fungu hilo ni nyongeza. Kwa klabu ya Ruangwa ni uti wa mgongo wa bajeti. Timu zilizoshuka kabla ya hapo zilikosa mvua kwa msimu mmoja. Namungo ilikuwa ndani.

Sababu ya tatu ni kwamba kucheza nayo kwake hakujawahi kuwa rahisi. Hata ilipohamia kwa muda Uwanja wa Ilulu mjini Lindi, haikulegea. Novemba 20, 2021 Yanga walifika Ilulu wakiwa wameshinda mechi zao zote za ligi, na wakatoka na sare ya 1-1. Yanga ile ilimaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja.

Kuna upande ambao haukwenda vizuri, na klabu inapaswa kuusikia. Benchi la ufundi limekuwa kama kituo cha mabasi. Baada ya Hitimana na Morocco walikuja Honour Janza wa Zambia, Denis Kitambi, Cedric Kaze, Mwinyi Zahera, kisha Juma Mgunda. Ni makocha wenye majina: Kaze na Zahera walishaifundisha Yanga, Mgunda alishaiongoza Simba. Lakini kila kocha huja na mfumo wake na orodha yake ya usajili, na matokeo yake ni timu inayojijenga upya kila mwaka. Namungo ya 2020 ilikuwa na kocha aliyetoka nayo daraja la chini. Haishangazi kwamba msimu ule haujajirudia. Tangu hapo timu imekuwa ikiishi katikati ya msimamo, mara ikinusa nne bora, mara ikitazama nyuma kwa wasiwasi.

Mlezi anapokaa pembeni

Majaliwa hakugombea ubunge katika uchaguzi wa Oktoba 2025, na Novemba mwaka huo kipindi chake cha uwaziri mkuu, kilichodumu miaka kumi, kilifika mwisho. Hakuna sheria inayosema mlezi akistaafu siasa anaacha pia kupenda timu yake. Lakini mlango wa Waziri Mkuu hufungua milango mingine mingi, na mfadhili anayepigiwa simu na Waziri Mkuu hupokea kwa namna tofauti. Hilo linajulikana bila kuambiwa, na Ruangwa ndiyo wanaolijua zaidi.

Kusini ina kumbukumbu ndefu ya mambo makubwa yaliyoletwa kutoka juu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mradi wa Karanga, na Nachingwea, jirani ya Ruangwa, ikawa moja ya vituo vyake vikuu. Fedha zilimwagwa, matrekta yakashushwa, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikatandazwa kwenda bara. Wakulima wa hapa hawakuulizwa ardhi yao inataka nini. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na miaka ya 1960 ilipoanza reli nayo ikafungwa na mataruma yake kung'olewa. Zao lililokuja kuiinua Kusini ni korosho, iliyolimwa na wakulima wadogo kwenye mashamba yao wenyewe, na ndiyo inayoilisha hadi leo.

Somo hilo linaihusu klabu moja kwa moja. Namungo ilipata wa kuianzishia safari, na hakuna aibu katika hilo. Yanga na Simba nazo zimebebwa na matajiri kwa vipindi virefu vya maisha yao. Lakini tajiri akiondoka, Simba na Yanga hubaki na wanachama, matawi na jina ambalo mfadhili mwingine atalitaka. Swali la Ruangwa ni Namungo itabaki na nini.

Jibu lipo karibu kuliko inavyodhaniwa. Wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale tayari zina mtandao wa AMCOS unaomfikia karibu kila mkulima, unaojua jina lake, kilo zake na akaunti yake. Klabu yenye wanachama wanaolipa ada ndogo kwa hiari kila msimu wa mauzo, kupitia mtandao huo, ingekuwa na mapato yasiyotegemea simu ya mtu mmoja. Sh2,000 kwa mwaka si mzigo kwa mkulima aliyeuza vizuri, na maelfu ya wakulima wakichangia, timu ina nauli za kwenda Kigoma na Bukoba bila kukopa. Lakini mkulima hatoi fedha yake mahali asipoona hesabu. Amepigania sana uwazi wa mizani na malipo ya korosho zake, naye atataka hivyo hivyo kwenye klabu: mkutano mkuu unaofanyika kweli, viongozi waliochaguliwa, na taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa mbele za watu.

Jambo la pili ni vijana. Ligi Kuu ina mashindano ya timu za chini ya miaka 20, na kila klabu hutakiwa kuwa na timu hiyo. Kuna tofauti kati ya kuwa nayo kwa ajili ya kutimiza masharti na kuitumia. Ukanda huu una shule za sekondari zenye viwanja, una ligi za kata, na una vijana wa Mbekenyera, Nachingwea na Masasi ambao leo wakitaka kuonekana hupanda basi la kwenda Dar es Salaam. Klabu inayotafuta wachezaji watano kila dirisha la usajili ingeokoa fedha nyingi kwa kuwalea wawili nyumbani. Na mchezaji aliyezaliwa jirani na uwanja ndiye anayemfanya shabiki wa Simba aanze kubadili mawazo.

Jambo la tatu ni kocha. Mpeni mmoja misimu mitatu. Namungo ilishaona faida yake mara moja.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji Waziri Mkuu. Yote yanahitaji viongozi wa klabu, vyama vya ushirika na halmashauri kukaa meza moja wakati timu bado iko juu na sauti yake inasikika. Singida, Musoma na Geita hawakupata nafasi hiyo: walipoanza kuzungumzia mfumo, timu zilikuwa zimeshashuka na wafadhili hawapokei simu. Ruangwa wanayo. Wamekaa Ligi Kuu misimu saba mfululizo, muda ambao Ndanda haikuufikia na ambao Geita Gold na Biashara United ziliutamani tu. Timu iliyoanzia kwenye machimbo ya Namungo imeshathibitisha kwamba inaweza kupanda na kwamba inaweza kukaa. Sasa wenye nayo waifanye iwe yao kwa maandishi.